Januari 1875 Haimo Kwenye Notsi

Kila mwaka maelfu ya wanafunzi wa sekondari nchini huandika kwenye madaftari yao kwamba mawakala wa ukoloni Afrika walikuwa makundi matatu: wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara. Chini ya wapelelezi, jina la Henry Morton Stanley halikosi. Mwanafunzi wa Singida naye huliandika, hulikariri, hulimwaga kwenye pepa na kuondoka na alama yake. Asichoambiwa ni kwamba Januari 1875 Stanley huyohuyo alipigana vita vya siku kadhaa katika nchi ya Wanyaturu, ambako leo mwanafunzi huyo analala na kuamka.

Habari zenyewe zimeandikwa. Msafara wa Stanley ulitoka Bagamoyo Novemba 1874 ukiwa na watu zaidi ya 300, wengi wao Wangwana wa Unguja na Mrima. Ukapita Ugogo, ukaingia nyika isiyo na chakula, watu wakafa kwa njaa na wengine wakatoroka. Tarehe 17 Januari 1875, mahali Stanley alipopaita Chiwyu katika nchi ya Ituru, akafariki Edward Pocock, mmoja wa Waingereza watatu aliofuatana nao. Njiani kuelekea kijiji cha Vinyata, Kaif Halleck, mtu wa msafara aliyebaki nyuma, akakutwa ameuawa. Walipopiga kambi Vinyata ukazuka mzozo wa maziwa yaliyodaiwa kuibwa na mmoja wa wapagazi. Stanley akalipa nguo kama fidia, lakini vita vikalipuka hata hivyo. Kwa maelezo yake mwenyewe, katika kitabu alichokichapisha 1878, alipoteza watu wasiopungua 20, naye akatuma vikosi vilivyochoma vijiji na kurudi na nafaka na mifugo.

Kama shida ingekuwa tu kwamba tukio hili halimo kwenye kitabu cha kiada, dawa yake ingekuwa nyepesi: liongezwe. Shida ni kubwa kuliko hiyo. Kwa namna tunavyofundisha Historia katika shule zetu za umma, hata tukiliongeza kesho litageuka pointi nyingine ya kukariri. Mwanafunzi atajua kwamba vita vya Vinyata vilipiganwa mwaka 1875, kama anavyojua kwamba Maji Maji ilianza 1905, na hataweza kusema tunajuaje, nani alisema, na kwa nini tumwamini. Somo linalomnyima mtoto maswali hayo limemnyima Historia yenyewe.

Tuanze na darasa lilivyo. Tangu mpango wa shule za kata uliposhika kasi katikati ya miaka ya 2000, na ada za sekondari ya chini zilipofutwa kuanzia 2016, watoto wengi wa Iramba, Ikungi, Mkalama na Manyoni mkoani Singida ambao zamani wasingevuka darasa la saba wameingia sekondari. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mwalimu wa Historia amejikuta mbele ya mkondo uliojaa, na vitabu visivyotosha kila dawati. Njia iliyobaki ni ubao. Anaandika notsi, wanafunzi wananakili, kipindi kinakwisha. Insha ina umbo lake linalojulikana nchi nzima: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Ukiuliza kwa nini sita, utajibiwa kwamba ndivyo inavyosahihishwa. Mwanafunzi hodari anafahamu hoja sita za kushindwa kwa Maji Maji, hoja sita za athari za biashara ya utumwa, hoja sita za kuinuka kwa utaifa. Hajawahi kuulizwa kama hoja ya nne inapingana na ya pili.

Juu ya hayo kuna lugha. Mtoto aliyesoma Maarifa ya Jamii kwa Kiswahili mpaka darasa la saba anakutana na somo lilelile kwa Kiingereza kidato cha kwanza. Historia ni somo la hoja. Ndani yake mtu hulinganisha, hupima, hukanusha, hukubali nusu na kukataa nusu. Mtu asiyemudu lugha hawezi kufanya hayo, kwa hiyo anakimbilia kitu pekee kinachowezekana, nacho ni kumeza sentensi za mwalimu kama zilivyo. Tunapowalaumu wanafunzi kwa kukariri, tukumbuke kwamba tumewapa mtihani ambao kukariri ndiyo njia salama ya kuufaulu.

Haikupangwa iwe hivi. Oktoba 1965 wanahistoria wa Afrika walikutana Dar es Salaam wakati chuo kikuu chetu kikiwa bado kichanga, na idara ya historia chini ya Terence Ranger ikajiwekea kazi ya kuandika historia inayomweka Mwafrika katikati. Mwaka 1969 kikatoka kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu. Mwaka 1972 Walter Rodney, akiwa anafundisha hapo hapo, akachapisha kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kazi hizo zilibadilisha silabasi zetu kabisa. Mada zikageuka: badala ya wafalme wa Uingereza wakaja Mirambo, Mkwawa na Kinjeketile.

Ila kuna kitu kilichobaki chuoni. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu walitumwa kusini kuwasikiliza wazee waliokumbuka Maji Maji au waliosimuliwa na waliopigana. Walirudi na masimulizi yaliyotofautiana kijiji kwa kijiji, na kazi yao ikawa kuyapima. Yalipofika kwenye vitabu vya shule, yakafika yakiwa yamekwisha kukaushwa: sababu, mwenendo, matokeo. Shule zikapokea majibu ya wanahistoria wale na kuiacha kazi iliyoyazaa. Kwa zaidi ya nusu karne tumekuwa tukiwafundisha watoto wetu mahitimisho ya watu waliokuwa wanauliza, bila kuwafundisha kuuliza.

Sasa tumepata nafasi mpya. Mwishoni mwa 2020 Rais John Magufuli aliagiza historia ya Tanzania ifundishwe kama somo la lazima. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, una somo la Historia ya Tanzania na Maadili, la lazima na linalofundishwa kwa Kiswahili hadi sekondari. Kwa mara ya kwanza kijana wa sekondari anaweza kubishana kuhusu historia ya nchi yake kwa lugha anayobishania mpira. Sioni mageuzi makubwa kuliko hilo katika somo hili tangu miaka ya sitini.

Hata hivyo, jina la somo lenyewe linanipa wasiwasi ambao ni lazima tuuzungumze. Historia imefungwa pamoja na Maadili. Nia ni njema: tunataka vijana waipende nchi yao na waige mema ya waliotangulia. Lakini mwalimu aliyebanwa na muda anaweza kuligeuza somo zima kuwa orodha ya watu wema wa kusifiwa na wabaya wa kulaaniwa. Hapo tutakuwa tumebadilisha lugha ya kukariri tu. Maadili makubwa kuliko yote ambayo Historia inaweza kumpa kijana ni uaminifu mbele ya ushahidi: kukubali kwamba mtu unayempenda alikosea, kwamba adui alisema kweli mahali fulani, kwamba jambo unalolitamani liwe kweli huna cha kulithibitisha.

Singida ina kila kinachohitajika kufundishia uaminifu huo. Chukua mfano wa Liti. Kila anayefuatilia ligi anaujua Uwanja wa Liti, zamani Namfua. Jina limetoka kwa Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi yanamtaja kuwa aliongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba nyuki walikuwa sehemu ya silaha zake. Mwaka 1969 mtafiti Marguerite Jellicoe aliandika kuhusu upinzani wa Wanyaturu katika jarida la Tanzania Notes and Records. Kazi hiyo iko kwa Kiingereza, kwenye maktaba ambazo mwalimu wa Ikungi hazifikii. Ukiwasikiliza wasimulizi, hutasikia simulizi moja. Mmoja anasisitiza uganga, mwingine uongozi, mwingine namna alivyosalitiwa. Kwa mtunga mtihani hilo ni kero. Kwa mwalimu wa Historia ni hazina. Mpe mwanafunzi masimulizi mawili yanayotofautiana umwulize: yanakubaliana wapi? Msimulizi alisikia kwa nani? Nyuki wanaweza kutumika vitani namna gani katika nchi ya wafugaji nyuki? Mjerumani aliyeandika ripoti ya upinzani huo angekuwa na sababu gani ya kumtaja au kutomtaja mwanamke? Mtoto atakayetoka kwenye somo hilo atamheshimu Liti zaidi ya yule aliyeambiwa tu kwamba alikuwa shujaa.

Au chukua Vita Kuu ya Kwanza. Kwenye notsi vita hivi ni miungano ya Ulaya, mauaji ya Sarajevo na Mkataba wa Versailles, kisha hoja sita za athari zake kwa Afrika. Manyoni ilivionja vita hivyo kwa njia nyingine. Kilimatinde, kituo cha kijeshi cha Wajerumani tangu miaka ya 1890, kilitekwa mwishoni mwa Julai 1916 na majeshi yaliyokuwa chini ya Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa Ugogo kwa ajili ya upagazi. Mvua zilipokosekana ikaja njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox anakadiria iliua watu 30,000 kati ya watu 150,000 wa eneo hilo. Mtu mmoja katika kila watano! Mathias Mnyampala, ambaye baadaye aliandika kwa Kiswahili kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichochapishwa 1954, alizaliwa 1917, mwaka njaa hiyo ilipoanza.

Iramba nako kuna mgodi wa Sekenke, uliochimbwa dhahabu na Wajerumani kabla ya vita. Mwaka 1916, Waingereza walipokuwa wamewafungia njia ya bahari, Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Sarafu hizo leo zinagombewa na wakusanyaji duniani. Mwanafunzi wa Shelui anayejifunza uchumi wa kikoloni angeweza kuanza na picha ya sarafu moja na swali moja: dhahabu hii ilichimbwa na mikono ya nani, na ni nani aliyelipwa kwayo?

Magharibi, upande wa Itigi, kuna pori ambalo watu wa misafara waliliita Mgunda Mkali, na ng'ambo yake nchi ya Wakimbu ambako Nyungu ya Mawe alijenga dola yake kwa nguvu ya askari wake, rugaruga, na kumwachia binti yake Mgalula alipofariki 1884. Kaskazini, Mkalama, wapo Wahadzabe, wawindaji na warina asali, ambao kwenye somo la mabadiliko ya binadamu hutajwa kana kwamba ni mabaki ya zama za mawe, wakati ni raia wenzetu wenye historia yao ya karne nyingi za kuishi jirani na Wanyisanzu, Wanyiramba na Wataturu.

Sasa turudi Vinyata, nioneshe kipindi kimoja cha dakika 80 kinavyoweza kwenda bila gari la safari na bila projekta. Mwalimu ana ukurasa mmoja wa maelezo ya Stanley, umetafsiriwa kwa Kiswahili na kunakiliwa, nakala moja kwa wanafunzi watano. Wanasoma kwa vikundi. Swali la kwanza: nani ameandika? Mwandishi wa habari aliyegharamiwa na magazeti mawili, New York Herald la Marekani na Daily Telegraph la Uingereza. Swali la pili: alimwandikia nani? Wasomaji waliotaka hatari na ushindi. Swali la tatu: anasema wenyeji walishambulia bila sababu, lakini je, ndani ya maelezo yake mwenyewe zimo dalili za sababu? Hapo ndipo darasa linapochangamka. Kuna maziwa. Kuna mwezi wa Januari, ambao kila mtoto wa mkulima wa Singida anaujua: shamba ni bichi, ghala linakaribia sakafu. Kuna msafara wa mamia ya watu wenye njaa na bunduki unaopiga kambi kando ya kijiji. Swali la nne: ni sauti za nani hazimo? Hamna mwanamke wa Vinyata, hamna mzee, na Wangwana waliobeba mizigo wanasikika kwa kinywa cha Stanley tu. Swali la mwisho ni la nyumbani: kamwulize mzee anayekumbuka simulizi zozote za misafara, uje na unachokipata pamoja na jina la aliyemsimulia yeye.

Mwanafunzi aliyepita kwenye kipindi hicho akikutana na Stanley kwenye orodha ya mawakala wa ukoloni, jina lile litakuwa na uzito. Tena atakuwa amejifunza zana ambayo ataitumia kwa Carl Peters, kwa hotuba za kisiasa, na kwa ujumbe wa kusambaza anaoupokea kwenye simu asiojua umetoka kwa nani.

Najua pingamizi zitakazokuja, na mbili zinastahili jibu la kweli. La kwanza ni ukabila. Baada ya Uhuru tulikuwa na sababu nzuri ya kuogopa historia za makabila. Taifa lilikuwa changa na majirani walikuwa wanatuonesha hatari yake. Lakini ninachokidai ni historia ya mahali. Historia ya Singida haiwezi kuwa ya kabila moja hata ukitaka. Kwenye mkoa mmoja wamekutana wasemaji wa lugha za Kibantu, Wataturu ambao lugha yao ni ya Kiniloti, Wasandawe na Wahadzabe wenye lugha za vidoko, wakulima wa Kisukuma waliohamia, na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi waliofuata njia za misafara na reli. Mwanafunzi anayeijua historia ya mahali pake anajua kwamba hakuna aliyekaa hapo peke yake.

Pingamizi la pili ni mzigo wa mwalimu. Ni haki kulitaja. Mwalimu mwenye vipindi lukuki na madaftari ya kusahihisha hana muda wa kutafuta kitabu cha Stanley na kukitafsiri. Kwa hiyo asiachiwe yeye. Taasisi ya Elimu Tanzania inaweza kutengeneza kijitabu cha vyanzo kwa kila mkoa, kurasa 30 hivi: dondoo za wasafiri kwa Kiswahili, kurasa kutoka vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza vilivyohifadhiwa Nyaraka za Taifa, picha ya boma la Kilimatinde, picha ya sarafu ya Tabora, masimulizi mawili ya Liti yakiwekwa ubavu kwa ubavu, na maswali chini ya kila chanzo. Wanahistoria na wanaakiolojia wa vyuo vyetu wamefanya utafiti Singida kwa miongo. Kazi ya kuurudisha kwa Kiswahili kwa watoto wa mkoa huo ni deni lao.

Lakini hata kijitabu hicho kitalala kabatini kama mtihani utabaki ulivyo. Walimu wetu si wavivu wala wajinga. Wanafundisha kinachopimwa, maana kwa hicho ndicho wanachohukumiwa wao na shule zao. Ndiyo maana ombi langu kubwa ni kwa Baraza la Mitihani. Liweke katika kila karatasi ya Historia ya Tanzania na Maadili swali moja la lazima lenye chanzo ambacho mwanafunzi hajawahi kukiona: kipande cha barua, simulizi, picha, tangazo la serikali ya kikoloni. Lisimwulize kilitokea nini. Limwulize chanzo hiki kinatuambia nini, kinaficha nini, na angehitaji kujua nini zaidi kabla ya kukiamini. Swali hilo moja, likiwa na alama za kutosha, litabadilisha ufundishaji kuliko semina mia, kwa sababu hakuna notsi za kulikariri.

Pamoja nalo, upimaji endelevu uwe na kazi mradi moja ya historia ya mahali, na ningeanza na Operesheni Vijiji. Kati ya 1973 na 1976 familia nyingi za nchi hii, Singida ikiwamo, zilihamishwa kutoka kwenye makazi yao kwenda vijiji vya pamoja. Wengine walipata shule, kisima na zahanati. Wengine waliacha makaburi ya wazazi, mashamba yenye samadi ya miaka na nyumba zilizobomolewa nyuma yao. Notsi zina faida na hasara za Ujamaa, hoja kwa hoja. Waliohamishwa wakiwa na miaka 15 sasa wanakaribia 70, nao wanaishi kwenye vijiji vilevile ambako wajukuu wao wanakariri hoja hizo. Kijana aende na daftari, aombe ruhusa, aulize mlihamia lini, mlibeba nini, nani aliwaambia, nini kilikuwa kizuri, nini kiliuma. Arekodi kwa simu akikubaliwa. Alinganishe na mwenzake aliyemhoji mzee mwingine. Shule iyahifadhi masimulizi hayo maktabani, na baada ya miaka kumi kila kata itakuwa na nyaraka ambazo hakuna chuo kikuu duniani kinachozimiliki.

Hilo la mwisho halisubiri mtaala mwingine wala bajeti ya wizara. Mkuu wa shule na mwalimu mmoja wa Historia mwenye nia wanaweza kulianza muhula huu. Mitaala hurekebishwa na vitabu huchapishwa upya; wazee hawarudi. Shule itakayochelewa miaka kumi itabaki na hoja sita, na hakutakuwa na mtu wa kuzithibitisha wala wa kuzikanusha.